Walioaga Kazi Ili Wasifiwe

Wanangu, kumwajiri mtu ni kazi ya asubuhi moja. Kumfanya abaki ndiko kulikonizeesha. Mkinikuta hapa Vitongoji nachambua choroko, msidhani mvi hizi ni za umri. Nyingi ni za Faki Shaame, mbeba mizigo, ambaye nitamfikia, Mungu amhifadhi huko aliko, maana najua hajakaa sana.

Mimi ni Bi Maua. Nilikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika hoteli moja ya pwani hapa Pemba, na jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe bado hunitumia salamu nami bado nazipokea. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu, kuwaonyesha pa kuweka viatu na pa kuweka hasira, na kuwabembeleza wasiondoke. Mwaka jana nilistaafu. Sasa mnakuja mmoja mmoja na simu zenu mkononi kuniuliza namna ya kuongoza watu. Kaeni, chukueni chai. Nitasema ninavyokumbuka, na nikipotea nirudisheni.

Ilipokuja korona, wageni walikatika ghafla, hoteli ikafungwa, nasi tukaambiwa twende nyumbani kwa muda. Muda ule uliota ndevu. Mtu hawezi kukaa miezi akiangalia dari, basi kila mmoja akatafuta la kufanya. Mpokea wageni wetu alifungua duka la vitenge Konde. Mhudumu wetu bora alirudi kwao Chokocho kuvua pweza. Mpishi alilima tungule, nyanya hizi za mchuzi, na zikamkubali. Hoteli ilipofunguliwa tena nilipanda gari kuwafuata nyumba kwa nyumba. Wote walinikaribisha, wote walinipikia, wote walinijibu, "Inshallah, Bi Maua," wakanisindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyerudi. Yule wa pweza peke yake ndiye aliyenieleza sababu.

"Bi Maua," alisema, "mie pweza hanilazimishi nimchekee."

Nikapanda gari nikarudi.

Hapo ndipo wenye hoteli walipotuletea meneja mpya, Bwana Deo, kijana wa Songea, Mkristo mcha Mungu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka ndani ya mifuko. Alikuja na agizo. Safari hii tuwaajiri wale ambao hoteli zote zimewaruka: wenye ulemavu, wajane, kina mama waliolea mpaka wakaambiwa umri umewapita, watu wa Bara wasio na jamaa wa kuwasemea, wasio na vyeti. Na agizo lilikuwa na mkia. Msimu wa wageni utakapokwisha, watu hao wawe wangali kazini. Wakiwa wameondoka, tutarudi kuajiri kwa mtindo wa zamani, wenye vyeti vyao kutoka Unguja na Dar es Salaam, na mlango ufungwe.

Nililipenda agizo lile kwa moyo wangu wote. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa haoni kwa jicho moja, na kila alipoomba kazi ya kupika aliambiwa ataunguza. Alitupikia sisi watoto wake maisha yake yote na sikumbuki kula kilichoungua.

Tukatangaza misikitini, kanisani na sokoni kwamba tunawataka waliorukwa. Kumbe Pemba nzima imerukwa! Foleni ilitoka getini ikazunguka ukuta. Bwana mmoja alisema yeye sheha wa mtaa wao hampendi. Mwengine alieleza kwamba ulemavu wake ni usingizi wa baada ya adhuhuri, na hospitali hawajaupatia dawa. Bibi mmoja alisema yeye ni mnyonge kwa kuwa mke mwenzake ana kazi na yeye hana, akatutazama kama sisi ndio tuliomwoza. Bwana Deo aliwasikiliza wote kwa huruma, akinigeukia kila mara kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu naye, Bi Maua?"

Hapa tieni maanani kidogo, maana hili ni la kazi. Mtu mwenye ulemavu usianze kumwuliza hawezi nini. Atakujibu, kwa adabu, na utakuwa umeshamwajiri ugonjwa wake badala ya yeye. Mpe kazi yenyewe mkononi, kisha funga mdomo. Na yule anayekwambia yuko tayari kwa kazi yoyote, mwulize jana alifanya ipi.

Ndivyo nilivyompata Riziki. Alikuja na dada yake, Mize. Riziki ni kiziwi tangu utotoni, husema kwa mikono, na Mize ndiye aliyekuwa akimfasiria. Nilimpa shuka la kitanda kikubwa alikunje. Akalikunja, akalitazama, akaliweka. Kisha akachukua lile nililolikunja mimi asubuhi, akalikunjua, akalikunja upya. Nikamwambia Mize kwamba ndugu yake aanze Jumatatu.

Mize hakuinuka. "Bi Maua, samahani, mnamtaka kwa kazi au mnamtaka kwa picha?"

"Kwa kazi."

"Haya. Basi mjue, nyumbani kwetu yuno Riziki ndiye jicho letu. Siku akirudi analia, tutakuja ukoo mzima, na tutakuja bila ya kula."

Tulimpa stoo ya mashuka. Kwa kuwa hasikii akiitwa, tulimtundikia taa, mtu akimhitaji abonyeze swichi nje. Fundi wetu aliunganisha nyaya kwa haraka, akaenda kuswali Ijumaa, hakurudi. Kumbe ile taa ilikuwa imeunganishwa na mashine ya kusagia juisi. Kila jikoni waliposaga embe, Riziki alitokea na mzigo wa mashuka, akauweka mezani, akaondoka. Wapishi waliogopa kumkatalia, wakidhani ni agizo la meneja. Kwa siku kadhaa jiko lilikuwa na mashuka mengi kuliko vitunguu. Basi nanyi mkimtengenezea mtu nyenzo, ijaribuni wenyewe kabla fundi hajaenda msikitini.

Tulianza vizuri. Kisha akaondoka Mzee Kombo, mtunza bustani, ambaye magoti yalimshinda. Alikuwa mtu mwema, tukaona haifai aondoke mikono mitupu. Tukamfanyia shughuli: mbuzi, pilau, dua, na zawadi ya sufuria kubwa.

Sasa niwakumbushe jambo mnalolijua bila kulifikiri. Kwetu mtu hasifiwi usoni. Mtoto mzuri tunamwita kibaya. Mwenye shamba lililozaa tunampa pole ya kazi. Twaogopa kijicho, na yule anayesifiwa anakiogopa zaidi. Basi sifa tunaziweka akiba mpaka mtu aondoke, na nyingi zaidi tunazitoa matangani, ambako mwenyewe hafaidi kitu. Lakini Mzee Kombo alikuwa anaondoka na angali hai! Ndimi zilifunguka. Watu waliokuwa wakimwita mzee wa majani walisimama wakasema mikono yake ina baraka, kwamba hata mti uliokufa alikuwa akiupa salamu kabla ya kuukata. Mzee Kombo alilia mpaka pilau likapoa. Na Faki, yule mbeba mizigo niliyewatajia, alikaa mbele kabisa, mdomo wazi, hakula.

Haikupita wiki akaja ofisini.

"Bi Maua, mie naaga."

"Umepata kazi kwengine?"

"Sijapata."

"Umeudhiwa?"

"Nani aniudhi? Naona tu muda umefika."

Tukachinja tena. Watu wakasimama, wakasema Faki ana mgongo ambao lori lingeuonea wivu, na kwamba hajawahi kumwangushia mgeni hata kofia. Faki alimsimamisha msemaji. "Hapo pa kofia, hebu parudie." Akapewa sufuria yake, akatupungia mkono, akaondoka akiimba. Mwezi uliofuata tulipotangaza nafasi yake, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Faki.

"Nafasi hii ni ya waliorukwa," nilimwambia.

"Mie si nimerukwa? Nimekaa nje mwezi mzima, hakuna aliyenijulia hali."

Bwana Deo, kwa kuwa agizo lilisema mlango uwe wazi kwa waliorukwa, alimwajiri tena.

Baada ya hapo, wanangu, ikawa tauni juu ya tauni. Waliaga wa mapokezi, wakaaga wa jikoni, akaaga mlinzi aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, na watu wakapata taabu ya kumtafutia sifa mpaka wakamsifu kwa buti zake. Wengine walirudi kama Faki, wengine wakishasifiwa waliona aibu kurudi, wakapotea moja kwa moja. Faki aliaga tena. Sufuria zilituishia. Mbuzi wa kijiji waliijua gari yetu, ikitokea tu wanakwenda upande wa pili wa barabara. Bwana Deo aliongeza maandazi kwenye chai, akatafuta gari la kuwarudisha watu nyumbani, akabadilisha zamu, na bado waliaga.

"Bi Maua," aliniambia siku moja, ameshika kichwa, "nimefanya kazi hoteli nyingi. Watu huondoka wamekasirika. Hawa wanaondoka wakiwa na furaha. Nitawaandikia nini wenye hoteli?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alifurahi sana. "Basi ni rahisi! Tuwasifu wakiwa hapa hapa."

Nilimwambia si rahisi. Hakunisikia. Asubuhi moja alituita wote uani, akamsimamisha Faki, akamsifu kwa sauti ya kanisani, nguvu zake, uaminifu wake, bidii yake. Watu waliinama chini. "Mashallah, mashallah," walisema kwa haraka, mmoja akatemea kifuani. Faki alikuwa ametoa macho utadhani kasomewa hukumu. Mchana wake aliteleza kwenye sabuni, akapelekwa nyumbani, watu wakisema amepigwa jicho la husuda, akakaa huko mpaka shingo iliponyooka. Dada mmoja wa mapokezi, aliyesifiwa kwa tabasamu lake, alifunika mdomo kwa ukaya mfululizo, mpaka mgeni mmoja akamletea dawa ya jino.

Hapo ndipo nilipotoa shauri. Nikasema, tuwasifu kama tunavyowasifu watoto wachanga. Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana nilisimama, nikamnyooshea Faki kidole, nikakunja pua.

"Mtazameni huyo, mvivu wa kuzaliwa! Jana kabeba mabegi ya wageni wote peke yake, hakumwachia mtu hata kikapu. Hana haya huyo!"

Kisha watu wakapasuka kwa kicheko, na Faki akang'aa uso mzima. Kijicho kimepata nini hapo cha kushika? Kesho yake walikuja wakiwa wamejitayarishia matusi. Ikawa ndiyo desturi yetu: tunakula, kisha tunatukanana. Bwana Deo, aliyelelewa na masista, alipata tabu. Mara yake ya kwanza alisimama mbele ya mpishi, akafumba macho, nadhani aliomba kwanza, kisha akatamka kwa nguvu zake zote, "Wewe! Wewe una... una tabia!" Tulimpigia makofi mpaka akakaa.

Na hakuna aliyetukanwa vizuri kumshinda Riziki. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. "Huyo mchafu! Mashuka yake yanatuumiza macho!" "Mchelewaji huyo, jogoo akiamka anamkuta amekwishapiga pasi!" Tulimnyooshea vidole, tulikunja pua, tulicheka mpaka meza ikatikisika. Riziki alituangalia, akala, akaondoa sahani yake.

Kuaga kulikoma. Mbuzi walirudi barabarani. Nilitembea ndani ya hoteli ile kifua mbele, na msimu ulikuwa unakaribia kwisha.

Kisha siku moja Mize alikuja getini, peke yake.

"Bi Maua, Riziki anaacha kazi."

Faki alikuwa karibu, akacheka. "Naye anataka pilau!"

"Hataki pilau," alisema Mize. Nilimwuliza sababu, akatikisa kichwa. "Kanikataza nisiseme. Lakini karudi analia, Bi Maua. Si mara moja. Na mimi niliwaambia."

Niliingia ndani nikaketi. Wale waliokuwa wameajiriwa kwa agizo lile, wengi walikwishaaga na kupotea. Riziki ndiye ambaye wenye hoteli walikuwa wakimwulizia kila simu. Akitoka, nilijua watakachosema: tulijaribu. Na mlango utafungwa, na mtu atakayekuja baada yake na jicho lake moja ataambiwa ataunguza. Lakini nisiwafiche, si hilo lililoniuma sana. Nilimpenda yule mtoto, na alikuwa akilia nami sijui kwa nini.

Nikamwambia Bwana Deo tumfanyie shughuli yake kama wengine. Ila msemaji yeyote asiseme kwa mdomo. Riziki alikuwa amekaa kwenye shughuli zote zile, akala pilau la kila mtu, na hakuna aliyekumbuka kwamba sifa zilizokuwa zikisemwa hazimfikii. Safari hii kila mtu aseme kwa mikono, na Mize atufundishe.

Mize alikubali, kwa shingo upande. Tulijifunza nyuma ya jiko. Faki vidole vyake vilikuwa vimezoea mabegi, vikikunjwa havikunjuki. Bwana Deo ana mikono mirefu, na kila alipojifunza neno "asante" aliangusha glasi. Mize alitusahihisha akiwa amenuna, mpaka ikafika pahala naye akageukia ukuta ili tusimwone anacheka.

Siku ikafika. Riziki aliketi mbele na buibui lake la kutokea. Akasimama mpishi, akasema kwa mikono: mashuka yako ni safi. Akasimama dada wa mapokezi: chumba ukikitandika wewe, sikikagui. Akasimama Faki, jasho linamtiririka, akasema: unakuja mapema, mimi nakuona. Bwana Deo tulimwekea nafasi kubwa. Alisema: bila wewe hoteli hii ni vitanda tu.

Riziki alitazama mikono yetu, mmoja baada ya mwengine. Hakulia kama Mzee Kombo, wala hakuomba parudiwe kama Faki. Alikunja uso. Kisha akaanza kusema, haraka, kwa muda mrefu, na Mize hakufasiri mpaka alipomaliza.

"Anauliza," alisema Mize, "kama ndivyo mnavyomwona, mbona kila mchana mlikuwa mkimnyooshea kidole, mkimkunjia pua, na kumcheka?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Tulimpa tusi kamili, kidole chake, pua yake na kicheko chake, na lile neno moja tamu lililokuwa ndani halikumfika. Kila siku ya Mungu, mbele ya sahani yake.

Faki ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mwambie tulikuwa tunamsifu!"

"Kwa kumkunjia pua?"

"Ndiyo!"

"Hilo sasa nilifasiri vipi, Faki?"

"Mwambie kijicho! Mwambie kama mtoto mchanga!"

Mize alijaribu. Alishika mtoto wa hewani, akamkunjia pua, akambusu. Riziki alimtazama dada yake, akatutazama sisi, na sikuweza kujua ameelewa au amechukia. Kisha akasema neno fupi.

"Anasema mumwambie," alifasiri Mize. "Mlisema nini. Tangu siku ya kwanza. Lote."

Basi wanangu, tukaanza. Pilau likiwa limefunikwa, tuliyarudia matusi yale moja moja, tunayasema kwa mdomo, Mize anayaweka mikononi, na palipomshinda Faki aliigiza. Aliigiza jogoo anayeamka na kumkuta Riziki amekwishapiga pasi. Alianguka chini akishika macho yake yaliyoumizwa na weupe wa mashuka. Wageni wakafika, gari ikapiga honi getini, na hakuna aliyeinuka. Bwana Deo akatoka mbio kubeba mabegi mwenyewe, akarudi anahema, akauliza tumefika wapi. Riziki uso wake ulikuwa bado umefungwa. Tulimfikia Bwana Deo na lile tusi lake la kwanza, naye akalirudia mwenyewe, amefumba macho, begi la mgeni bado liko begani. Hapo niliona mdomo wa Riziki umetikisika kidogo, akauziba kwa mkono.

Alasiri ikaadhiniwa tungali hatujala. Riziki akainuka, akachukua sufuria yake kwa mikono miwili, akatushukuru kila mtu kwa zamu yake, akatoka na dada yake. Niliwafuata mpaka nje.

"Atarudi?" nilimwuliza Mize.

"Sijui, Bi Maua. Kasema anakwenda kufikiri."

Asubuhi yake niliwahi kazini kuliko desturi yangu. Mlango wa stoo ya mashuka ulikuwa wazi. Riziki alikuwa amesimama amenipa mgongo, shuka mkononi, na mabega yake yakitetemeka. Nikazunguka mbele yake kwa haraka, nimekwishaushika mtandio wangu kumfuta machozi.

Alikuwa anacheka.